Mendo na Msitu Usio na Watoto

Mendo Ghising alipoolewa kijijini Pangdor, mama mkwe wake alimkataza mambo mawili siku ile ile ya kwanza: asipite mbele ya madhabahu na viatu, na asijibu akisemeshwa na wakubwa. La kwanza alilishika. La pili lilimshinda kabla jua halijatua.

Si kwamba alikuwa mtu wa fujo. Alikuwa na ulimi, basi, na nyumba ile ilikuwa imeshajaa ndimi. Kila alipozidiwa alijitwika tenga lake mgongoni, akapitisha mkanda kwenye paji la uso, akachukua reki yake ya mianzi na kupanda Lauthe.

Lauthe ni ubavu wa mlima ulio juu ya kijiji, upande unaonyimwa jua. Unaanza na mialoni, unapita kwenye miti ya gurasi inayochanua maua mekundu mpaka macho yanauma, halafu unaingia chini ya misonobari mirefu ambayo ncha zake hupotelea mawinguni. Humo ndani, kwenye kivuli na baridi ya kijito, ndimo inamokaa milauthi. Ni miti mifupi, minene, yenye majani membamba yanayokaribia weusi na gome jekundu linalobanduka kama ngozi iliyoungua. Wataalamu wa mjini huuita yew, na watu wa mbali hutengeneza dawa ya saratani kutoka kwake. Wachungaji wa mifugo wa Pangdor walichemsha kipande cha gome wakanywa kama chai. Mendo aliitumia kutukania.

"Mama yako roho yake kama jiwe la kusagia!" aliuambia mlauthi mmoja uliokuwa umejikunja kando ya maji. "Na kaka yako ni mlafi, na shangazi yako ananuka siagi iliyochacha!"

Akishamaliza ukoo wa mumewe alikwangua majani makavu chini ya miti, akajaza tenga, akashuka nyumbani kuwatandikia nyati wake wa maziwa, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetoka kusali. Sangbu, mumewe, alikuwa akijua. Alimtazama akitua mzigo na kucheka.

"Leo umemmaliza nani?"

"Nimemaliza wa upande wa baba yako. Kesho naanza wa upande wa mama yako."

Walipendana, kwa namna yao. Lakini Sangbu akaenda Malesia kwenye kiwanda cha glavu kama walivyokwenda vijana wote wa mlima ule. Kwanza simu zilikuja, halafu zikawa za sikukuu tu, halafu zikakoma. Mwishowe habari ikaletwa na mtu aliyerudi likizo: Sangbu ana mke mwingine kule, na mtoto. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Akabaki shemeji mkubwa, Maila, mwenyekiti wa kamati ya msitu, mtu wa kofia safi na maneno laini, ambaye shamba lake la viazi lilipakana na la Mendo.

Maila alikuja akakaa kibarazani, akapewa chai ya siagi, akainywa yote kabla ya kusema lililomleta.

"Shemeji, mimi nakuonea huruma. Nyumba kubwa, mtu mmoja. Kwenu si wanakungoja? Rudi ukapumzike."

"Nimechoka lini mpaka nipumzike?"

"Nasema kwa wema."

"Aliyeondoka ni ndugu yako. Mpigie simu umwambie yeye arudi kwao. Mimi nipo kwangu."

Mendo akachukua kikombe cha mgeni na kukisuuza kabla Maila hajasimama. Kwa Pangdor hilo ni tusi, na wote wawili walilielewa.

Mwaka uliofuata alikuja mkandarasi kutoka tambarare, Tikaram, na gari lake likaishia pale barabara ilipoishia. Aliwalisha wazee mbuzi, akawanywesha, akaeleza kwamba anahitaji majani ya mlauthi tu, vitawi vya ncha, vile ambavyo mti hukuza tena. Kibali alikuwa nacho. Kamati ikakubali. Mendo naye alikula mbuzi yule, na hakuwa na neno, kwa sababu majani ni majani.

Asubuhi moja alipanda na reki yake, na kabla hajakifikia kijito akasikia mlio ambao haukuwa wa mundu. Ulikuwa wa shoka. Alipotokea kwenye uwazi alikuta wanaume wageni wa bonde la pili wakiwa wamevua mashati, wanachuna. Hawakuchuna kipande upande mmoja kama wachungaji. Walizunguka shina lote, kutoka mizizini mpaka mkono ulipofika, na mti ukabaki umesimama mtupu, rangi ya kiini cha yai, unatoa maji. Nyuma yao miti iliyochunwa ilikuwa mingi kiasi kwamba ule weusi wa msitu ulikuwa umepauka.

"Nyie!" aliita. "Mmepewa majani!"

Mmoja wao alijifuta jasho. "Mama, gome lina uzito. Majani hayana uzito. Sisi tunalipwa kwa uzito."

"Na mti?"

"Mti upo, si unauona?"

"Nikikuchuna wewe ngozi kuanzia kisigino mpaka kwapani, nikaacha umesimama, nitasema upo?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Mendo aliliona shoka lake limeegemezwa kwenye jiwe, akalichukua na kulitupa korongoni. Walisikia likigonga jiwe, likigonga tena, kisha kimya. Kabla hawajaamini walichokiona, la pili nalo lilikuwa limeshafuata. Wakamrukia. Akakumbatia shina lililokuwa likingoja zamu yake, akang'ang'ania kama kupe, na aliyejaribu kumbandua vidole alipata jino.

"Ameniuma! Huyu ni mbwa?"

"Njoo tena uhakikishe!"

Hawakutaka kumjeruhi. Walikuwa vibarua, nao wana mama zao. Wakashuka kumwita bosi wao, na Mendo akapanda juu ya magunia ya magome waliyokwisha kuyajaza, akakaa. Tikaram alikuja, akabembeleza, akafoka, akashuka. Maila alikuja, akamwambia anaiaibisha familia. "Ipi?" Mendo akamuuliza. "Ile uliyoniambia niondoke?" Akabaki pale. Jioni alishuka kukamua, alfajiri akarudi na viazi vya kuchoma mfukoni, siku baada ya siku. Halafu mvua kubwa ikaanza mapema. Magome yakalowa ndani ya magunia, yakapata ukungu, yakaanza kunuka, na Tikaram akaona hakuna mnunuzi atakayeyagusa. Akaondoka na yale aliyokuwa ameshayateremsha.

Kijiji hakikumshangilia. Kamati ilimtoza faini kwa kuharibu mali ya mgeni, naye akakataa kulipa. Basi wakamtoa kwenye zamu. Pangdor hakuna anayelima peke yake. Leo wote wako shambani kwangu, kesho wote kwako, na pombe ya ulezi inazunguka. Mwaka ule hakuna aliyekuja shambani kwa Mendo. Alipanda viazi mwenyewe, mgongo ukamuuma mpaka akawa anatembea kama mwenye kutafuta sindano. Phulbuti, jirani aliyechota naye maji bomba moja, ndiye pekee aliyekuwa akimwachia chungu cha mchuzi mlangoni, halafu anakimbia kama mwizi.

"Acha kukimbia," Mendo alimwita siku moja. "Wakitaka kukuona, si watakuona tu?"

"Mume wangu yupo kwenye kamati, dada. Wewe kula, usinitangaze!"

Miti iliyochunwa ilikauka taratibu. Majani yaligeuka kutu, yakadondoka. Kila alipopita, Mendo aliigusa kwa kiganja, akatema mate upande wa nyumba ya Maila.

Binita Wagle alifika wakati hasira hizo bado ni mbichi. Alikuwa binti wa chuo kikuu cha mjini, mwembamba, amevaa buti zilizomzidi, na alitaka mtu wa kumbebea vyombo vyake Lauthe. Watu waliogopa ruba na ubaridi, na Maila akasema kwa kejeli, "Mpeleke kwa yule anayeongea na miti." Ndivyo walivyokutana.

Kazi ya Binita ilimchekesha Mendo kwanza. Waligawa msitu kwa kamba kuwa viwanja, na ndani ya kila kiwanja binti yule alitaka kujua kila mti: ni wa aina gani, unene wake, umesimama wapi, jirani yake wa karibu ni nani na yuko umbali gani.

"Unauuliza mti jirani yake nani?" Mendo alisema, ameshika ncha ya futi kamba. "Kwetu jirani ni yule anayekuudhi. Huhitaji kupima."

"Hata miti inaudhiana, dada. Huu msonobari unaunyima jua huu mlauthi."

"Na mlauthi unasemaje?"

"Mlauthi unaupenda huo unyimwaji. Ukiuweka juani ukiwa mdogo, unaungua."

Mendo aliupenda mti huo zaidi siku hiyo. Usiku kwenye moto walikula sima ya ulezi na majani ya haradali yaliyochachushwa, na Binita alimwonyesha alichokuwa akikichora. Kila mti ulikuwa duara, mnene duara kubwa, mwembamba dogo. Mialoni ilitapakaa huku chini, ya kila umri. Gurasi zilijaza nafasi zote kama wageni wa harusi. Milauthi ilijikusanya kwenye mafungu kando ya kijito, chini ya misonobari, madume huku na majike kule, pale ndege walipozoea kutua wakila tunda lake jekundu na kuangusha mbegu. Katikati ya mafungu kulikuwa na misalaba. Hiyo ilikuwa miti ya Tikaram.

"Tazama maduara ya milauthi," Binita alisema. "Unaona nini?"

Mendo alitazama sana. "Yote makubwa."

"Wadogo hakuna. Misonobari ina watoto, mialoni ina watoto. Hii ina wazee tu."

"Kama Pangdor," Mendo alisema. "Watoto wako Malesia na Katari." Wakacheka wote wawili, Mendo zaidi, kwa sababu alikuwa akifikiria misalaba ile na kumtukana Tikaram moyoni.

Siku ya mwisho ya kazi Mendo alisema asishuke mikono mitupu. Akatoa reki yake, akakwangua chini ya fungu la majike kama alivyofanya miaka yote, akalishindilia tenga. Binita alikuwa akimtazama bila kusema. Kisha akachuchumaa kando ya tenga, akaingiza mkono, akatoa konzi ya majani makavu na kuyatandaza juu ya jiwe. Akapekua kwa kidole.

Kulikuwa na mche mmoja, mdogo kama njiti ya kiberiti, majani yake laini yamekaa kama manyoya ya kifaranga, mzizi wake mweupe umening'inia hewani. Karibu yake kulikuwa na mwingine. Akachota konzi nyingine. Humo namo miche ilikuwemo.

Mendo alisimama, reki mkononi. Damu ilimpanda usoni.

"Unataka kuniambia mimi na Tikaram ni kitu kimoja?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Umesema kwa kunyamaza. Mimi niliuma mtu kwa ajili ya miti hii! Nililima peke yangu!"

"Najua. Na si majani peke yake, kuna paa wanaokula miche, kuna baridi, kuna hii iliyochunwa isiyozaa tena. Lakini hili ndilo liko mikononi mwetu."

"Mwetu nani? Wewe una nyati?"

Akajitwika tenga, akashuka bila kumngoja, na akawatandikia nyati majani yale yote, pamoja na miche yake. Usiku huo hakula. Binita alipoondoka asubuhi, walisalimiana kama watu wanaodaiana, lakini Mendo alimtilia viazi vya kuchemsha kwenye begi, vingi kuliko anavyoweza kula mtu mmoja.

Alijaribu kusahau. Alipanda tena Lauthe na kuinua reki, na mkono ukakataa. Akapiga magoti, akaanza kupekua kwa vidole, akaiona miche pale ilipo, imesimama kwenye unyevu chini ya majani ya mwaka jana. Alikaa pale mpaka ubaridi ukampenya. Hakulia, kwa sababu alikuwa na hasira mno. Aliinuka, akateremka mpaka upande wa mialoni, mbali, ambako mteremko ni mkali na majani ni magumu, na akajaza tenga huko.

Kisha akaenda kuwaambia wanawake bombani. Ni hapo alipotambua kwamba kupigana na wanaume kulikuwa kazi nyepesi.

"Ng'ombe wangu alale juu ya mawe?" Phulbuti alimjibu, ndoo kiunoni. "Na samadi nitaitoa wapi? Viazi vyangu vitakula maneno?"

"Majani ya mwaloni yapo."

"Mwaloni uko mbali."

"Miguu unayo."

"Wewe Mendo, tulikuwa tunakusifu kimoyomoyo. Kumbe ulikuwa unapasha misuli ili uje utugeukie sisi!"

"Mngenisifu kwa sauti ningewasikia. Kimoyomoyo hakuna aliyenishikia jembe."

Phulbuti akaitua ndoo chini ya bomba, akatazama maji yakiijaza mpaka yakafurika. Chungu cha mchuzi hakikuja tena mlangoni.

Habari ikamfikia Maila, na Maila akaiona faida yake. Aliitisha mkutano mbele ya hekalu, akasimama na kofia yake safi. Alisema kwamba mtaalamu wa mjini amegundua nani anauua msitu: wanawake na reki zao. Kwa hiyo kamati inapendekeza Lauthe yote ifungwe kwa wakwangua majani, mialoni ikiwemo. Na ili pawe na mtu wa kuitunza, mkandarasi Tikaram yuko tayari kurudi, safari hii kwa utaratibu.

Wanawake wakamgeukia Mendo. Macho yale yalimchoma kuliko ukungu wa korongoni.

"Haya, furahi," Phulbuti alinong'ona nyuma yake.

Mendo alisimama. Reki yake alikuwa nayo, maana alitoka kazini moja kwa moja.

"Shemeji amesema kweli nusu," alianza. "Hii nusu ni yangu. Reki hii imeng'oa miche ya milauthi tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Nimeiona kwa macho yangu ndani ya tenga langu. Sijui kama iliyokufa ni mingi kama mawe au kama mchanga. Anayetaka kunicheka, acheke sasa."

Hakuna aliyecheka.

"Nusu nyingine ameimeza. Watoto tumewang'oa sisi, lakini wazazi wao wamechunwa na rafiki yake, na bila mzazi hakuna mtoto wa kung'olewa. Nendeni kando ya kijito mkahesabu miti mitupu. Mwenyekiti, wewe uliwahi kupanda huko? Lini?"

Maila akakohoa. "Mimi nina majukumu."

"Ndiyo, majukumu ya kula mbuzi." Sasa watu walicheka, na Maila akavua kofia akaivaa tena. "Mimi naiweka reki chini kwenye milauthi. Naiweka kwa kutaka kwangu, si kwa amri ya mtu aliyemleta mwenye shoka. Mafungu ya kando ya kijito yafungwe kwa wote, reki na shoka pamoja. Mialoni ibaki wazi. Na Tikaram akija, aje kunywa chai."

"Mwanamke hana kiti kwenye kamati," mume wa Phulbuti alisema. "Hawezi kutoa pendekezo."

"Kiti?" Mendo aliburuta gunia la viazi lililokuwa ukutani mwa hekalu, akalileta katikati ya wazee, akalikalia. "Hiki hapa."

Kisha Phulbuti akatoka kwenye kundi la wanawake, uso umekunjamana kama bado anagombana na mtu. Hakumtazama Mendo. Alimtazama mumewe.

"Sogeza makalio," alimwambia. "Na mimi nimechoka kusimama."

Walipoinua mikono, mikono ya wanawake ilikuwa mingi, na wazee kadhaa waliokumbuka chai nyekundu ya gome ya ujana wao nao waliinua. Kijito kikafungwa. Tikaram hakupata Lauthe, ingawa mlima wa ng'ambo aliupata, na kule hakukuwa na mtu wa kuuma vibarua wake. Maila alibaki mwenyekiti mpaka miguu ilipomshinda, na hakumsamehe Mendo. Faini ile ya zamani bado imo vichwani mwa wazee, na bado haijalipwa.

Viazi vya Mendo vilikuwa vidogo miaka ile, kwa sababu majani ya mwaloni huoza polepole. Phulbuti alikamatwa mara moja na tenga lenye majani laini kutoka kando ya kijito, na aliyemkamata alikuwa Mendo mwenyewe, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa kamati. Akamtoza faini mbele za watu. Hawakusemeshana majira yote ya theluji. Kwenye sikukuu ya mwaka mpya Phulbuti alikuja na chungu cha mchuzi, akakitua kwa kishindo, akasema, "Kula, katili wewe," na wakakaa kunywa pombe mpaka chungu kikapoa.

Miche mingine ililiwa na paa, mingine ilikufa kwa barafu. Mingine ilishika. Mlauthi haukui kwa pupa, na baada ya misimu mingi ya mvua, ule mrefu kati yao ulimfikia Mendo kwenye kifundo cha mguu. Alianza kuizungushia matawi ya miiba, mmoja mmoja, magoti yakimlalamikia.

Bwana misitu mpya wa wilaya alipokuja kukagua, alimkuta katika kazi hiyo. Alikuwa mtu mpole, aliyevaa vizuri. Alitazama vile vijiti vya kijani ndani ya uzio wa miiba, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, unajua miti hii itachukua karne kuwa miti? Hutaiona."

"Na wewe hutaiona," Mendo alisema bila kuinua uso. "Haya, shika hilo tawi hapo kwenye shina, si kwenye miiba. Unanipotezea muda."